Reli Waliyoiacha Minandi

Gati la Kasombwe lina urefu wa mita mia tatu na kumi na mbili. Mkaguzi Msaidizi Pudensiana Mwanisenga alilipima mwenyewe kwa tepu ya fundi, kwa sababu ripoti aliyokabidhiwa Mpanda ilisema mia tatu, na mtu aliyekosea mita kumi na mbili za zege anaweza kukosea na mengine.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumatano. Gari la kumchukua mahabusu lilitarajiwa saa tisa alasiri. Mahabusu alikuwa Malale Maduhu, mfugaji wa Kisukuma wa miaka arobaini na moja, na alikuwa siku ya tatu katika chumba cha kituo kidogo cha polisi nyuma ya soko la samaki. Akishafikishwa Mpanda angesomewa shtaka la kumuua Maximilian Kasalama, mzee wa Kipimbwe, bwana wanyamapori mstaafu, aliyeopolewa ziwani Jumamosi mchana akiwa na kisogo kilichopasuka. Pudensiana alipewa asubuhi moja ya kupitia jalada kabla halijafungwa. Alikuwa amekwisha kulisoma mara mbili, na hakuona mahali ambapo Koplo Hilari, aliyelitayarisha, alikuwa amesema uongo.

Hilari alishika ncha ya tepu, akaiachia, akajifuta jasho. Alikuwa na miezi mitano tu katika mkoa wa Katavi. Alihamishiwa huko kutoka Newala. Alifanya kazi kwa bidii na hakuwa mtu wa kukisia.

Gati lilijengwa kwa ajili ya boti za abiria. Boti zikahamia kwingine, zege likabaki kwa wavuvi wa ndoana na watu wanaokuja kutazama wanyama. Mwisho wa wiki watu hutoka Mpanda, hata Sumbawanga, na fimbo zao za kuvulia na darubini. Huketi juu ya ndoo wakingoja kuhe na mgebuka, na samaki wakigoma kula, huwatazama viboko walioko kwenye matete au furukombe akipora windo la mwenzake. Ili wasigombee nafasi, kila kipande cha reli, kutoka nguzo hadi nguzo, kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Namba moja iko ufukweni, na hamsini na mbili iko mwisho kabisa, kwenye maji ya buluu.

Vitu vya marehemu vilikutwa kwenye kipande cha hamsini na mbili: ndoo, kigoda, fimbo ya kuvulia, kopo la chambo. Pudensiana alisimama hapo. Reli ilikuwa bomba la chuma lililopakwa rangi ya fedha, na chini yake, usawa wa goti, bomba la pili. Bomba la juu lilimfika kifuani.

"Reli nzima, afande," Hilari alisema. "Mtu haanguki kwa kupita juu ya reli ya kifuani. Anainuliwa. Na marehemu hakuwa mwepesi."

Hapo ndipo jalada lote lilipokuwa limeegemea. Mtu ameinuliwa na kutupwa. Kabla ya kutupwa amepigwa kisogoni. Na gatini, Jumamosi ile asubuhi, mtu mwingine pekee aliyekuwa anavua karibu, kipande cha arobaini na saba, alikuwa Malale, mwenye mabega ya kuangusha dume. Wanawake wanaobanika samaki ufukweni walimsikia akirudi kutoka gatini huku akicheka na kusema Mpimbwe kazama, andaeni pilau. Jumatatu, kwenye mazishi kule Misunkumilo, alifika makaburini amevaa kofia ya marehemu, akatembea kwa mwinamo wa marehemu, akasimama ukingoni mwa kaburi na kusema mbele ya watu mia mbili: nilikwambia zama, ukazama. Hilari alikuwapo. Alimfunga pingu palepale.

Pudensiana alizaliwa Usevya, Mpimbwe mwana wa Wapimbwe. Hakuhitaji kufundishwa kwamba kati ya watu wake na Wasukuma waliohamia na ng'ombe kulikuwa kumeota utani, na kwamba mtani huja msibani kwa nguo za marehemu, humwigiza, humtukana, na mtani asiyefanya hivyo ndiye wa kutiliwa shaka. Jana yake alimweleza Hilari hayo kwa sentensi tatu. Lakini hakuyaandika kwenye jalada. Utani hueleza kwa nini mtu kavaa kofia. Hauelezi kaipata wapi. Na Malale, tangu afungwe pingu, hakuwa amefungua kinywa.

Wala wenye kijiji hawakungoja ajibu. Usiku wa kuamkia jana zizi lake lilichomwa moto, ng'ombe wakatawanyika kuelekea hifadhini, na mkewe Esteria akachukua watoto akakimbilia kwa kaka yake Majimoto.

"Hebu tazama nyuma," Pudensiana alimwambia Hilari. "Kuanzia hapa mpaka ufukweni. Reli ina rangi gani?"

Hilari alitazama. "Nyeupe. Mavi ya ndege."

"Na hii?"

Koplo aligeuka, akaitazama ile ya hamsini na mbili kana kwamba imewekwa muda huohuo. Ilikuwa safi. Minandi, wale ndege weusi wenye shingo ndefu wanaokausha mabawa yao juani, walikuwa wamejipanga kipande baada ya kipande, na kila walipokaa palikuwa na ukoko mweupe wa miaka. Kwenye kipande cha mwisho palikuwa na matone mawili matatu, mabichi.

"Labda hawapendi upepo wa hapa," Hilari alisema.

Pudensiana alitoa mkobani daftari lenye jalada la ngozi. Alipewa jana jioni na mjane, Eufrazia, pale nyumbani kwake Misunkumilo. Marehemu alikuwa na desturi ya kuhesabu ndege wa gati kila Jumamosi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliwahesabu kwa namba za vipande. Miaka kumi na moja. Mjane alilitoa daftari kwa shingo upande, akisema hilo ndilo lililokuwa mke mkubwa.

Kwa miaka hiyo yote kipande cha hamsini na mbili kiliongoza: minandi tisa, kumi na moja, saba. Kisha, Jumamosi moja ya mwezi uliopita, sifuri. Jumamosi iliyofuata, sifuri. Ya tatu, sifuri, na alama ya kuuliza. Ya nne aliandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: *K. 52, hakuna. Wanatua, wanatikisika, wanaruka. Uzi wa ndoana? Mamba chini? Wiki ijayo nihame kutoka K. 30, nikakae 52 mwenyewe, nione wanachokiona.*

Wiki ijayo ilikuwa Jumamosi aliyokufa.

Hilari alisoma, akarudisha daftari.

Pudensiana alichuchumaa kwenye nguzo. Vishikizo vya reli, mahali pengine pote, vilikuwa na bolti zilizoliwa na kutu hadi vichwa vikawa mviringo. Bolti nne za hapa zilikuwa mpya, za buluu-buluu za dukani, na rangi ya nguzo ilikuwa imekwanguliwa na spana. Alipitisha kiganja chini ya bomba, polepole, kutoka mwisho mmoja. Karibu na nguzo ya pili vidole vilikwama. Akapiga magoti, akaangalia kwa chini. Upande ule usioonekana na mtu aliyesimama, bomba lilikuwa na ganda la saruji, upana wa shubiri mbili, kavu, na ndani ya saruji kilikuwa kimenasa kipande cha tofali jekundu.

"Bomba la gati haliwi na tofali," alisema. "Gati zima halina tofali."

Kisha aliazima uzi wa kuvulia na risasi yake ya kuuzamisha kutoka kwa mstaafu mmoja wa shirika la reli aliyekuwa anavua kipande cha hamsini, akautupa nje ya kipande cha mwisho. Kwenye ramani, kina hapo kilikuwa mita sita. Risasi ilishuka sentimita sabini ikagonga kitu kigumu. Akausogeza nusu mita: kigumu tena, chini zaidi. Mara ya tatu: chini zaidi. Zilikuwa ngazi za kupandia boti, zilizomezwa na ziwa lilipofura miaka ile, na zilikuwa pale bado, kingo za zege zikitazama juu. Mtu akianguka hapa kinyumenyume, hahitaji rungu.

Aliandika vipimo. Ilikuwa saa tatu na robo.

Ukitoka gatini, kabla ya soko, kuna mabanda ya kubanikia samaki, na la kwanza ni la Joséline, mwanamke mnene mwenye miaka hamsini aliyevuka ziwa kutoka ng'ambo zamani, akaolewa Kasombwe, akafiwa, akabaki. Ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza kwenye jalada. Pudensiana alimkuta anageuza migebuka juu ya wavu, macho mekundu kwa moshi. Alimuuliza upya kuhusu Jumamosi, naye akarudia neno kwa neno: Malale alipita akicheka, akasema ya pilau.

"Na nyie mkafanyaje?"

"Tulicheka." Alimgeuza samaki. "Tungelia? Mpimbwe na Musukuma, kila siku ni vile. Mimi nikamwambia na mchele alete yeye."

Pudensiana alimuuliza baada ya Malale nani mwingine alipita. Joséline alisema hakuna mtu. Akafikiri. Hakuna mtu, ila Simoni. Simon Lusambo, msimamizi wa gati, mwenye kibanda cha soda na chambo pale mlangoni. Alikwenda gatini kama kawaida yake ya asubuhi, akarudi mbiombio, na baadaye akapita tena amebeba bomba refu begani. Aliporudi mara ya mwisho alikuwa na magogo mawili, akamtupia pale, akasema mama, kuni hizo za bure.

"Ukazichoma?"

Joséline alimtazama kama anavyotazamwa mtu asiyejua kazi.

"Afande. Kuni ya rangi inaharibishaka samaki. Nyama inakuwa chungu, mteja anarudisha. Huyu Simoni, miaka yote anakaa hapa na hajui samaki inabanikwa na nini." Alinyoosha kidole juu bila kugeuka. "Nilikandamizia bati."

Juu ya paa la banda, yakizuia mabati yasipeperuke, yalilala magogo mawili ya mkaratusi. Hilari alipanda akayashusha. Yalikuwa yamepakwa rangi ya fedha. Yalipounganishwa kwenye mkatiko, meno yakaingia kwenye meno, mti ukawa mmoja wenye urefu wa mita sita kasoro, na katikati, pale ulipovunjika, ulikuwa umetobolewa na wadudu mpaka ukabaki kama mkate. Kila mwisho ulikuwa na alama ya waya wa kufungia. Haukuwa umekazwa kwa bolti. Ulikuwa umening'inizwa.

Mnandi akitua juu ya mti kama huo, mti huzunguka. Anatikisika, anaruka. Ndege walilijua jambo hilo tangu siku ya kwanza, na mtu mmoja kijijini alikuwa ameliandika kwa wino, Jumamosi nne mfululizo, bila kuigusa reli.

Saa nne na nusu walikuwa kwenye baraza la Simon. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, msafi, mwenye fulana ya mradi uliokwisha, na aliwakaribisha kwa soda baridi ambazo Pudensiana hakuzigusa.

"Afande wetu wa Usevya," alisema. "Mpimbwe anamtetea Msukuma. Tumefika mwisho wa dunia, tuungame."

Pudensiana alimuuliza baraza hilo alilijenga lini. Mwezi uliopita, Simon alisema, wageni walikuwa wanaungua na jua. Akamuuliza boriti inayobeba bati ni ya nini. Ya mti tu, afande, mkaratusi. Akamuuliza kwa nini boriti iliyojengwa mwezi uliopita ina magome mabichi yanayotoa utomvu. Simon akasema ile ya kwanza ilipinda.

Pudensiana alisimama juu ya kigoda. Boriti mpya iliegemezwa kwenye nguzo mbili za kuokoteza. Nyuma yake, kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, palikuwa na tundu la mviringo lililozibwa kwa udongo ambao haujakauka vizuri. Aliuchokoa kwa funguo za gari, udongo ukamwagika, akapima tundu kwa tepu. Akasoma namba kwa sauti. Hilari, aliyekuwa na daftari la vipimo, akasoma kipenyo cha bomba la kipande cha hamsini na mbili. Namba zilikuwa sawa. Kwenye ukingo wa tundu tofali moja lilikuwa limemeguka.

Hakumwambia kitu kuhusu magogo. Alikaa, akangoja. Simon alitazama tundu, akatazama udongo uliomwagika juu ya kreti za soda.

"Boti haziji," alisema mwishowe. "Bomba lilikuwa limekaa tu. Wageni wanakaa juani, wanalalamika, wanaondoka. Nilisema nitalirudisha."

"Umelirudisha."

"Nilitia mti imara, afande."

"Uliuegemea?"

Simon alianza kupangusa udongo kwenye kreti.

"Jumamosi ulifika mwisho wa gati saa ngapi?"

"Saa moja na nusu hivi."

"Ukaona nini?"

"Ndoo. Fimbo. Reli imekatika."

"Na majini?"

Nje, pikipiki ya bodaboda ilipita na matenga ya dagaa, mbwa wakaifuata.

"Sikuangalia majini," Simon alisema. "Niliangalia reli."

Pudensiana aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa na kumpa aisome. Alimweleza haki zake. Alimwambia Hilari amfunge pingu, na Hilari, aliyefunga pingu zisizostahili siku mbili nyuma, alifanya hivyo bila kuinua macho. Walipotoka wanawake wa mabandani walisimama kutazama, na mmoja akauliza kama sasa na Simon ni mtani. Hakuna aliyecheka.

Kisheria, kazi ya asubuhi ilikuwa imekwisha. Lakini jalada lilikuwa na kofia ndani yake, na kofia haikuwa imeelezwa. Vilevile kulikuwa na ukurasa wa tatu wa ripoti ya daktari, ambao Hilari aliupita kwa sababu ulimtosha ule wa pili. Ukurasa wa pili ulisema kisogo kimepasuka. Ukurasa wa tatu ulisema mapafu yalijaa maji na povu. Maximilian Kasalama hakufa kwa kugonga ngazi. Alikufa kwa kuzama, na mtu anayezama huchukua muda.

Chumba cha mahabusu kilikuwa na dirisha moja la nondo. Malale alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu mirefu imenyooshwa. Pudensiana aliingia, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamweleza habari kwa mpangilio: bomba, mti, ndege, ngazi. Malale alisikiliza bila kukatiza. Alipofika kwenye mti, mwanamume yule alifumba macho.

"Niliusikia," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Mti ulikatika. Nikasema, gati ni la zege na chuma, mti umetoka wapi? Mpimbwe kauleta mwenyewe, auvunje, anitishe."

"Kwa nini akutishe?"

Ndipo akaeleza. Pasaka ya mwaka jana, marehemu, ambaye ndiye aliyemfundisha kuvua, yeye mtu wa ng'ombe asiyejua hata kufunga ndoana, alijitupa majini mbele yake, akapiga kelele, akainua mkono, akazama. Malale hajui kuogelea vizuri. Alijitosa hivyohivyo na viatu na simu mfukoni, akanywa maji mpaka akavutwa na wavuvi. Mzee alikuwa amepiga mbizi chini ya gati na kupanda upande wa pili. Alikuwa ameketi kwenye ndoo, nguo zinachuruzika, anamuuliza Msukuma unatafuta ng'ombe gani humo. Mwaka mzima kijiji kilimwita Mwokozi. Watoto walimwita hivyo. Mkewe alimwita hivyo.

"Jumamosi alipiga kelele. Nikageuka. Kutoka arobaini na saba reli inaonekana nguzo juu ya nguzo, huwezi kujua ipi haipo. Nikamwona majini. Akainua mkono." Malale aliinua wa kwake, kidogo tu, akaushusha. "Ukawa mkono uleule, afande. Wa Pasaka. Nikamwambia zama, Mpimbwe wee, zama vizuri, leo hunipati."

"Akajibu?"

"Aliniita jina. Hakuniita Msukuma. Aliniita Malale. Hapo ningepaswa kujua. Miaka tisa hajawahi kuniita Malale."

Pudensiana aliendelea kuandika. Aliuliza alikaa muda gani. Malale alisema alimaliza chambo kilichokuwa kwenye ndoana, akatia kingine. Kofia ilikuja ikielea, akaivua kwa ndoana, akaicheka, akaiweka kwenye ndoo, iwe rehani mzee atakapokuja kuomba radhi. Hakwenda kuchungulia. Mwaka jana alichungulia. Alingoja atokee upande wa pili, hakutokea. Akasema huyu kaamua kwenda mpaka ufukweni. Akamfuata ufukweni akicheka, akawaambia wanawake ya pilau, akaenda nyumbani kukamua. Saa nane akasikia wameopoa mtu.

"Na mazishini?"

"Mtani wake ni nani mwingine? Ningekaa nyumbani, wangesema namchukia. Nilivaa kofia, nikasema yaliyo kweli. Watu walicheka. Mama Eufrazia mwenyewe alicheka." Alijikuna kidevu. "Huyu koplo peke yake ndiye aliyesikia nilichosema."

Pudensiana alimsomea maelezo, mwanzo hadi mwisho, bila kupamba. Malale alisahihisha sehemu moja: kofia hakuiweka kwenye ndoo, alikuwa ameivaa. Ikasahihishwa. Akaweka dole gumba.

"Nina kosa gani?"

"Kisheria huna."

"Hata dogo?"

Pudensiana alifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama alivyofikiria upana wa tundu la ukutani. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mtu kumwamini mtani wake. "Hata dogo," alisema. "Uko huru. Zizi tumelifungulia jalada, na askari wa hifadhi wamepewa alama za ng'ombe wako. Esteria atapigiwa simu."

Malale alitazama mlango uliokuwa wazi. Nje kulikuwa na jua kali la saa sita, na mbele ya soko watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, maana habari ya Simon ilikuwa imewatangulia. Mtu mmoja alikuwa anasimulia kwa mikono. Mwingine aliita jina la Malale, kisha, kwa nia njema kabisa, kwa mazoea ya mwaka mzima, akaita lile lingine.

"Mwokozi! Toka bwana, twende!"

Malale alirudisha miguu yake iliyokuwa imenyooka, akaikunja, akaikumbatia.

"Afande, funga kwanza," alisema.

"Siwezi kumfungia mtu asiye na kosa."

"Mpaka gari lije tu."

"Gari litamchukua mwingine."

Pudensiana alisubiri dakika moja kwa saa yake ya mkononi, akasaini kitabu cha mahabusu kwamba Malale Maduhu ameachiwa saa sita na dakika kumi, akang'oa kufuli mlangoni na kulitia mkobani ili mtu asije akakosea. Mlango aliuacha wazi. Saa tisa gari lilipofika na kumpakia Simon, alipita tena mbele ya chumba, akatazama ndani. Malale alikuwa amehama ukuta. Alikuwa ameketi kwenye kona, mahali ambapo mtu aliyesimama nje hawezi kumwona.